Magoti yote mawili kwa mkupuo?

Bibi mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, alikuja kwangu kwa upasuaji wa kubadilisha magoti, akaniuliza kabla hata hajakaa vizuri kitini: "Mwanangu, si unibadilishie yote mawili kwa mkupuo, niumie mara moja yaishe?"

Hesabu yake si mbaya. Ganzi moja, kulazwa mara moja, mwanawe naye anaomba ruhusa kazini mara moja. Na kama magoti yote yamepinda vibaya, kuna wakati hiyo ndiyo njia ya kufaa.

Lakini mwili una gharama zake. Tunakata ncha za mfupa wa paja na wa muundi, tunavisha chuma, katikati plastiki. Ukifanya mawili kwa siku moja, damu inayopotea ni nyingi na haja ya kuongezewa inapanda. Bonge la damu kutoka mguuni hadi mapafuni, ambalo ndilo linaninyima usingizi, nalo huwapata zaidi waliofanyiwa yote pamoja. Mwenye moyo dhaifu simfanyii kwa mkupuo, hata aje na ukoo mzima kunibembeleza.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalifikirii: siku ya pili tunakusimamisha. Goti moja likiwa jipya, unaegemea la zamani, baya hivyo hivyo. Yakiwa mapya yote, unaegemea lipi?

Usaha kwenye chuma humpata mtu 1 au 2 katika 100. Ni wachache, ila akipatwa, vidonge peke yake mara nyingi havitoshi, tunafungua tena. Ndiyo maana nachungulia meno mabovu na vidonda vya miguu, milango ya vijidudu, na sukari nataka iwe imetulia.

Matokeo? Karibu watu 4 katika 5 huridhika. Wa tano hubaki na maumivu au ukakamavu, hata kama picha ya eksirei ni safi. Goti jipya lenyewe, takriban 8 katika 10 hudumu hadi miaka 25.

Kukunja mara nyingi huishia nyuzi 110 hadi 120. Baiskeli, usafiri wetu Tanga, inapandika. Kusujudu huwa kugumu; wengi huswali kitini.

"Na mbuzi ya nazi?"

Nikamwambia ile ya kukalia chini aiache, atafute ya kufunga mezani. Akaguna, akayatazama magoti yake kama anayachagulia mchumba.

"Basi anza na la kushoto. La kulia bado linapanda bajaji."