Kukua katika neema maana yake nini?

Jumapili ukisimama nje ya kanisa lolote Dar es Salaam, kuanzia Azania Front kule mjini mpaka makanisa ya mabati ya Mbagala, hutakosa kumsikia mtu akisema, "Mwaka huu nimeiona neema." Mdodose kidogo, atakutajia kiwanja Chanika au mtoto aliyepata kazi. Simlaumu. Kiswahili chenyewe ndivyo kilivyotulea: neema ni mvua, ni mavuno, ni mwaka ambao mchele haukupanda bei. Neno lilitufikia kutoka Kiarabu, likaja na harufu yake ya riziki.

Waandishi wa Agano Jipya walitumia neno la Kigiriki, *kharis*, na hilo ni fadhila anayopewa mtu asiyeistahili wala kuilipia. Paulo anawaambia Waefeso wameokolewa kwa neema, "ni kipawa cha Mungu." Sasa kama kipawa kimeshatolewa, mtu anakuaje ndani yake?

Petro anafunga waraka wake wa pili kwa kusema, "kueni katika neema, na katika kumjua Bwana wetu na Mwokozi Yesu Kristo." Kitenzi alichokitumia ni cha jambo linaloendelea, halikomi siku ya ubatizo. Na hakusema tujiongezee neema kama salio la simu. Alisema tukue tukiwa ndani yake, kama mchicha unavyokua bondeni penye maji. Wakatoliki husema neema yenyewe pia huongezeka ndani ya mtu, hasa kwa sakramenti. Walutheri hukazia kwamba kuhesabiwa haki, yaani kukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki, hakuna nusu wala robo, kinachokua ni imani na matunda yake. Ubishi huo una miaka 500 hivi, siwezi kuumaliza mimi.

Mimi kilichonifungua macho ni daftari. Kuna mama lishe Gerezani ninayekula kwake wali maharage, na pembeni ya sufuria ana daftari la madeni lililolowa mafuta. Wateja wengine hajui majina yao, anaandika alama: "boda kofia nyekundu, 3,000." Siku moja huyo wa kofia nyekundu akaja, mama akampakulia bila kumtajia deni. Nikamuuliza kulikoni.

"Zamani nilikuwa namfuata mtu mpaka kijiweni, namwaibisha mbele ya wenzake," akasema. "Siku hizi nikishika kalamu nakumbuka langu lilivyofutwa."

Alikuwa akizungumzia Mathayo 18, yule mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi halafu akamkaba koo mwenzake kwa dinari mia. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikaribia dinari 6,000. Kwa hiyo alisamehewa kama siku milioni 60 za kazi. Lakini dinari mia nazo si mchezo, ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Wahubiri wengi huzifanya kama sarafu za kuokota, na hapo hukosea: kusamehe deni la kweli kunauma. Aliyekomaa katika neema anaumia vilevile, ila deni lake mwenyewe halimtoki akilini. Ndiyo maana nawatilia shaka wanaodhani kukua ni kufika mahali ambapo huhitaji tena kuhurumiwa. Paulo, mtume mzima, aliomba mara tatu aondolewe mwiba, yaani taabu iliyomsumbua mwilini, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Mwiba ukabaki.

Kusali, kusoma Neno, meza ya Bwana, kukaa na wenzako jumuiya: hizo ndizo njia za kawaida, zinajulikana. Mtu akizifanya ili apate alama kwa Mungu, amerudi kwenye ujira.

Nilipomsifu yule mama alikunja uso.

"Usinisifu, kaka. Jana tu nimemtukana kijana wa maji, eti kachelewa. Usiku nimempigia kumwomba radhi, hakupokea." Akatazama barabarani. "Namsubiri apite."