Kwa Nini Kumuuliza Kijana "Unakosa Nini?" Hakuonyeshi Anapokwama Kati ya Chuo na Kazi?

Muulize mhitimu anayeishi Nyalenda mjini Kisumu, au Kaptembwa kule Nakuru, kwa nini bado hajapata kazi, na jibu litakuwa mojawapo ya mawili: sina mtaji, au sina mtu wa kunishika mkono. Hadanganyi. Ila majibu hayo ameyasikia redioni, kwenye baraza la chifu na kanisani, naye anayarudisha jinsi alivyoyapokea. Chuo kikiyachukua hivyo hivyo kitaandaa semina ya ujasiriamali, soda zitanywewa, na mwaka ujao kijana atakuwa pale pale. Sasa muulize alivyopeleka barua yake ya mwisho ya kuomba kazi: alitoka nyumbani saa ngapi, alipanda nini, nauli aliitoa wapi, getini alimkuta nani, na barua ilibaki mikononi mwa nani. Hapo utaanza kusikia mambo ambayo hakuwa amejiandaa kuyasema.

Kuuliza kwa namna hiyo ya pili ndiyo roho ya fikra za usanifu (kwa Kiingereza design thinking). Ni mbinu iliyozaliwa miongoni mwa watu wanaobuni bidhaa. Kampuni ya IDEO, iliyoundwa Marekani mwaka 1991, iliieneza sana, na taasisi ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Stanford ikaipanga katika hatua 5 zinazofundishwa hadi leo: kumwelewa mhusika, kulifafanua tatizo, kubuni mawazo, kutengeneza kielelezo (mfano wa kwanza wa wazo) na kukijaribu. Hatua ya kwanza ndiyo inayokula muda, na ndiyo ambayo watu wengi huiruka ili wafike haraka kwenye karatasi za rangi za kubandikia mawazo ukutani.

Kwa kuanzia, watu 8 hadi 12 wanatosha, mradi wawe wa aina tofauti. Orodha ya darasa haitakusaidia sana, kwa kuwa wanaoshika simu ya chuo ni wale ambao mambo yao yamenyooka. Watafute walioko pembezoni: aliyeajiriwa ndani ya mwezi mmoja, aliyeacha kazi baada ya wiki 2, anayeendesha bodaboda huku cheti chake cha ufundi umeme kikiwa sandukuni, na msichana aliyejifungua katikati ya atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Kisha nenda upande wa pili: fundi mkuu wa karakana, afisa wa wafanyakazi kiwandani, mwalimu anayesimamia atachimenti, mzazi, na mwenye saiba (duka la kompyuta na intaneti) anayechapa wasifu-kazi wa mtaa mzima. Huyu wa mwisho hudharauliwa bure. Anajua ni wangapi wanatumia barua ile ile ya mwaka juzi wakibadilisha jina la kampuni tu, na ni matangazo gani ya kazi yanayodai ada ya usajili kisha kutoweka.

Mahojiano ya dakika 45 yafanywe na watu 2, mmoja akiuliza, mwingine akiandika. Aandike maneno yenyewe, yawe ya Kiswahili, Dholuo au Sheng, asiyafupishe kuwa lugha ya ripoti. Mtu akimaliza kujibu, nyamaza kidogo, maana jambo zito huja baada ya kimya. Mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi asiwe muulizaji, la sivyo kila kitu kitakuwa "sawa tu, mwalimu". Na kabla ya swali la kwanza sema wazi kwamba hukuleta kazi wala pesa. Ukikaa kimya kuhusu hilo, kila jibu litageuka kuwa ombi. Nauli ya kurudishiwa iwe sawa kwa wote na itajwe mapema. Ukitaka kurekodi sauti, omba idhini kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahusika hapa, na kwa aliye chini ya miaka 18 ni lazima mzazi au mlezi akubali.

Usisikilize tu, omba pia kuona vitu. Daftari la atachimenti, lile ambalo kila mtu huliita logibuku, husema mengi kuliko mwenyewe. Kila siku ina mistari yake na kila wiki ina nafasi ya sahihi ya msimamizi. Ukiliona limeandikwa kwa kalamu moja kutoka wiki ya 1 hadi ya 12, mwandiko haujayumba na kurasa hazina hata alama ya kidole chenye grisi, jua lilijazwa usiku mmoja kabla ya mkaguzi wa chuo kufika. Kabla ya kumlaumu, muulize wiki ya 3 alikuwa akifanya nini hasa. Huenda alikuwa akipanga mafaili, akipiga deki na kutumwa chai, kwa kuwa karakana ilipokea wanafunzi 10 kwa mpigo na mashine zilikuwa 2. Mbona walikuja kwa mpigo? Kwa sababu vyuo vingi huwatoa wanafunzi wao miezi ile ile, hasa kati ya Mei na Agosti, nao hubisha hodi kwenye mageti yale yale. Kilichoonekana kuwa uvivu wa mwanafunzi kumbe ni tatizo la kalenda, na semina ya nidhamu haitalitibu.

Maelezo yakishakusanywa, chora ramani ya safari ya kijana kutoka chuoni hadi kazini kwenye karatasi za manila zilizounganishwa. Mlalo wa juu ni anachofanya. Chini yake fuata anayekutana naye, anacholipa, muda anaosubiri, na anavyojisikia. Wengi huanzia siku ya kuhitimu na kuishia siku ya kuajiriwa, na kote kuwili wanakosea. Anzia mtihani wa mwisho, kwa kuwa kati yake na cheti pana miezi ya kuishi na karatasi ya matokeo ya muda ambayo waajiri wengine huikataa. Maliza na mshahara wa 3. Kijana wa Bondo aliyepata kazi kwenye shamba la maua Naivasha anahitaji chumba, godoro na chakula cha mwezi mzima kabla ya mshahara wa kwanza, na pengo hilo humrudisha mtu nyumbani bila yeyote kumfukuza kazi. Kwenye takwimu za chuo anahesabiwa kuwa aliajiriwa.

Katikati ya ramani ndiko kwenye msongamano: salio la karo, kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), usajili wa SHA (bima ya afya) na NSSF (hifadhi ya jamii), na cheti cha tabia njema chenye kuhitaji alama za vidole. Tumia kalamu nyekundu kila mahali anaposubiri mtu mwingine. Angalia sana majina. Jina la ubatizo limeandikwa kwa tahajia moja kwenye cheti cha KCSE (cha kidato cha nne) na nyingine kwenye kitambulisho, au jina la baba limo huku na kule halimo. Chuoni hakuna aliyeuliza. Siku ya kuripoti kazini ndipo anapoambiwa alete hati ya kiapo, na nafasi haimngojei. Kasoro hii inaweza kukamatwa mwaka mmoja kabla, kwa kuweka karatasi 2 mezani na kuzilinganisha, kazi ya dakika 5.

Kulifafanua tatizo ni kuandika sentensi moja yenye mtu, haja na sababu. "Vijana hawana ajira" haina hata kimoja. Linganisha na hii: "Mwanafunzi wa ufundi umeme wa mwaka wa mwisho, anayetoka Ahero, anahitaji njia ya kumwonyesha fundi mkuu kazi aliyoifanya kwa mikono yake, kwa sababu alama za cheti hazimwambii fundi kama anaweza kuunganisha nyaya bila kusimamiwa." Sentensi ikiwa na suluhisho ndani yake, kwa mfano "anahitaji programu ya simu", ifute uanze upya.

Katika kubuni mawazo, kikwazo chetu kikubwa ni heshima. Mkuu wa chuo akitoa wazo la kwanza, chumba kizima kitaliunga mkono. Kwa hiyo mtu asizungumze. Kila mmoja akunje karatasi mara 3 apate visanduku 8, achore wazo moja kwa kila kisanduku, yote 8 kwa dakika 8, kisha karatasi zibandikwe bila majina na kila mtu aweke nukta 3 kwenye anayoyapenda. Mkuu aweke zake mwisho.

Kielelezo kisigharimu kitu ambacho utaona uchungu kukitupa. Kwa yule wa Ahero, kinaweza kuwa kadi ya ukurasa mmoja: picha 6 za kazi alizofanya, chini ya kila picha mstari mmoja unaosema alifanya nini na kwa muda gani, na nambari ya simu ya aliyemsimamia, baada ya msimamizi huyo kukubali. Ipeleke kwa waajiri 5 wa aina tofauti, tuseme kiwanda, mkandarasi, hoteli, duka la vifaa vya umeme na fundi wa jua kali. Mpe kadi, kisha funga mdomo. Tazama macho yanaenda wapi kwanza, na ni swali gani linamtoka. Usimuulize kama ameipenda, kwa kuwa mtu mstaarabu hatakuambia hapana. Muulize kama angempa mwenye kadi siku moja ya majaribio, na ni siku gani. Akitaja tarehe, una jibu. Akisema "nitaangalia", hilo nalo ni jibu.

Hapo ndipo mambo hugeuka. Huenda fundi akapita picha zote bila kutua, akapigia msimamizi simu. Basi picha hazikuwa na kazi kubwa, uzito ulikuwa kwa mtu anayeweza kumtolea kijana ushahidi. Kielelezo cha pili kitakuwa mpango wa kupata sahihi na simu ya msimamizi kabla atachimenti haijaisha, jambo dogo ambalo logibuku haikuwahi kulidai.

Mbinu hii ina mipaka yake. Watu 12 hawakupi ruhusa ya kusema "asilimia fulani ya vijana wa Kisumu". Kwa hilo unahitaji utafiti wa sampuli. Haiongezi pia nafasi za kazi. Mahali ambapo kiwanda kimefungwa, ramani nzuri namna gani itaishia kwenye geti lenye kufuli. Inachofaa ni kutenganisha yaliyo mikononi mwa chuo, kama kalenda, majina na mawasiliano ya msimamizi, na yasiyo mikononi mwake.

Ukitaka kujua kama badiliko lolote lilifanya kazi, panga simu 2 kwa kila mhitimu, moja miezi 3 baada ya kuondoka chuoni na nyingine baada ya miezi 6, na umwombe nambari ya pili ya mzazi au ndugu kabla hajaondoka, kwa sababu laini ya mwanafunzi huenda ikabadilika. Uliza alifanya nini jana, kuanzia asubuhi. Ukiuliza "unafanya kazi?", anayechuuza mitumba soko la Kibuye mjini Kisumu atakujibu hapana, maana haihesabu hiyo kuwa kazi.