Kupunguza upepo hakuzuii tairi kupasuka

Kabla ya safari ndefu ya mchana, kama Dar es Salaam hadi Dodoma, wapo madereva wanaopunguza upepo wakiamini kwamba jua litaujaza na tairi litapasuka. Mambo yako kinyume.

Tairi lenye upepo pungufu hulala. Kila linapozunguka ubavu wake hukunjwa na kunyooka, mamia ya mara kwa dakika, na mkunjo huo ndio unaozalisha joto. Joto likizidi, mpira huachana na nyuzi na waya za ndani. Ukiona kashata (vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara) zimelika pembeni huku katikati zimebaki nzima, ujue tairi hilo limekuwa likitembea na upepo mdogo.

Ni kweli upepo hupanda njiani, takriban psi 1 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi joto 5 hadi 6 za Selsiasi zinazoongezeka. Watengenezaji wameshalipigia hesabu hilo, kwa hiyo usiutoe tairi likiwa la moto.

Pima asubuhi, gari likiwa limelala kwa muda wa angalau saa 3. Kiwango kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi madogo ni psi 30 hadi 35, na zaidi ukibeba mzigo. Namba ya ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, si kipimo cha kujazia (kosa hili hata mafundi wa pancha hulifanya).

Likipasuka, usikanyage breki. Shika usukani kwa mikono miwili, achia mafuta taratibu, gari lipungue lenyewe.