Kibali cha ng'ombe kimeandikwa "kuchinjwa", wewe unamkama

Tangu majani yaanze kuota baada ya mvua, malalamiko ya aina moja yamezidi kwenye ofisi yetu ya mifugo kutoka Ruai, Kamulu na Dagoretti, viungani mwa Nairobi. Mtu amenunua ng'ombe wa gredi, yaani wa maziwa mwenye damu ya kigeni, kwenye soko la mifugo kwa bei ya kutupa, mwezi haujaisha ng'ombe amelala hainuki, na mwenyewe anauliza serikali itamlipa lini. Haitamlipa.

Mfugaji wa maziwa hapeleki sokoni ng'ombe anayempa riziki. Anapeleka aliyekataa kushika mimba, anayechechemea, mwenye chuchu iliyokufa, au mzee. Huyo ni wa kichinjio, na huko hana shida. Shida inaanza broka akimgeuza kuwa wa kukamwa.

Juzi bwana mmoja alituita tumwone "mama wa lita ishirini". Kiwele kilikuwa kimejaa hadi maziwa yanadondoka yenyewe, maana hakuwa amekamwa tangu asubuhi ya siku iliyotangulia. Nilikama kila chuchu kidogo juu ya kifuniko cheusi. Tatu zilitoa maziwa. Ya nne ikatoa maji ya manjano yenye madonge kama mtindi uliokatika. Pembe zilikuwa zimepigwa tupa zikang'aa, pete zake za kuonyesha umri hazihesabiki, lakini meno ya mbele yalikuwa yamelika hadi yakaachana. "Lakini daktari," akasema, "si sokoni alikaguliwa?"

Tuelewane hapa, kwa sababu tumelirudia hili hadi tumechoka. Afisa wa mifugo sokoni anaangalia dalili za maradhi ya kuambukiza. Hathibitishi mimba, lita wala umri. Na asichokiona hawezi kukiandika: ugonjwa wa miguu na midomo hukaa mwilini siku 2 hadi 14 kabla ya malengelenge kutokea, na brusela, ugonjwa wa kutupa mimba unaoambukiza hata watu, haijulikani kwa macho, lazima damu ipimwe maabara. Ng'ombe wa brusela anaweza kuonekana mzima kabisa, kisha atupe mimba mikononi mwako, nawe uko bila glavu.

Sasa kibali cha kusafirisha mifugo, ambacho wengi hukichukua kama risiti ya soko. Kinaonyesha mwenye mnyama, idadi, rangi na alama, anakotoka, anakokwenda, na sababu ya safari. Soma hiyo sababu. Ikiwa ni kuchinjwa, mnyama anatakiwa kufika kichinjio kilichotajwa, si boma lako Kamulu. Kumchepusha njiani ni kosa chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, na dereva naye hajitoi kwa kusema alitumwa. Ukitaka wa kufuga, anza kwa ofisi ya mifugo ya unakompeleka, uulize kama wanaruhusu mnyama kuingia kutoka eneo hilo. Ndipo ofisi ya anakotoka itoe kibali cha kufuga. Kibali ni cha safari moja. Cha jirani hakikufai, hata ng'ombe wafanane.

Akifika, mtenge siku 21 angalau. Wakame ng'ombe wako kwanza, yeye mwisho, na gambuti zisichangiwe. Mwogeshe dawa ya kupe siku hiyo hiyo, maana ndigana, ugonjwa uletwao na kupe, haingoji.

Kuna wale wa "akinishinda nitamchinja". Baada ya sindano ngapi? Kila dawa ina siku zake za kutoka mwilini, zimeandikwa kwenye chupa, na kabla ziishe nyama hiyo haifai kuliwa. Kichinjioni mkaguzi akiikataa, hasara ni yako.

Kama tayari umemleta bila kibali, njoo useme mapema. Ugonjwa ukizuka tukamkuta wenyewe, eneo litawekwa karantini: huuzi, huhamishi hata mbuzi, na jirani zako vilevile. Chakula cha wanyama kwa siku zote hizo unanunua wewe.