Sarkopenia: misuli inapokwisha uzeeni

Mzee akianza kunywea mapaja na kulegea mikono, wengi husema "ni uzee tu" na mambo yanaishia hapo. Madaktari wanaiita hali hiyo sarkopenia, yaani kupungua kwa misuli pamoja na nguvu zake kadiri umri unavyosonga. Jina hilo lilitolewa mwaka wa 1989 na Irwin Rosenberg, mtafiti wa lishe wa Marekani, na siku hizi hali yenyewe inahesabiwa kuwa ugonjwa.

Misuli huanza kupungua polepole mtu angali na nguvu zake, kisha baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Kitambi kisikudanganye: mzee anaweza kuwa mnene na miguu yake ikawa haina nguvu. Dalili huonekana nyumbani. Hainuki kitini bila kujisukuma kwa mikono, mtungi wa lita 20 sasa anabebewa, na kupanda matatu ni shughuli. Mwambie akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara 5 mfululizo. Ikimchukua zaidi ya sekunde 15, kuna la kutiliwa shaka.

Chakula kinaingiaje? Misuli hujengwa kwa protini, na mwili wa mzee huitumia kwa shida kuliko wa kijana. Mtu mzima hukadiriwa gramu 0.8 kwa siku kwa kila kilo ya uzani wake; kwa wazee, wataalamu wengi hupendekeza gramu 1 hadi 1.2. Mzee wa kilo 60 basi anahitaji gramu 60 hadi 72.

Sasa tazama sahani yake, tuseme katika boma lolote nje kidogo ya Kisumu. Asubuhi ni chai na mkate, au kiazi kitamu. Mchana, kama kipo, ni kiporo. Jioni ugali mkubwa, mboga na kipande cha samaki, ambacho nyanya akiona wajukuu wanakikodolea macho hukimega mpaka akabaki na mchuzi. Ameshiba, lakini protini amekula kidogo mno. Kumkataza asigawe ni kazi bure. Afadhali tuongeze kilichomo sufuriani.

Na hapo, kwa maoni yangu, omena (dagaa) inaishinda mbuta, yaani sangara. Kiganja kimoja cha omena kavu, kama gramu 30, kina protini gramu 15 hivi, zaidi ya mayai 2, na kwa sababu huliwa na mifupa yake, mzee hupata kalisi pia. Unaipata katika soko la Kibuye, Kisumu, kwa gorogoro (mkebe wa kupimia) au kwa kipimo kidogo zaidi. Ila ukiikaanga ikauka, asiye na meno ataiacha pembeni. Ioshe vizuri mchanga utoke, uichemshe ilainike, kisha uimalizie kwa mchuzi mzito. Mrenda, ile mboga ya majani yenye utelezi, nao huteleza kooni na wazee wanaupenda, lakini usiutegemee peke yake. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina protini gramu 15 hivi, glasi ya mala (maziwa ya mgando) 8, yai moja 6.

Afadhali protini igawanywe siku nzima kuliko kurundikwa jioni. Kifungua kinywa ndicho hupuuzwa zaidi, na kukirekebisha ni rahisi: uji wa wimbi uliotiwa maziwa na njugu zilizosagwa, au yai kando ya chai.

Chakula bila mazoezi hakijengi misuli. Kuinuka na kuketi kitini mara 10, asubuhi na jioni, huku ameshika meza, ni mwanzo mzuri.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongezewe protini kabla ya kumwuliza daktari. Na anayekonda haraka ndani ya miezi michache apelekwe hospitali apimwe kwanza, kwa kuwa kifua kikuu, kisukari na saratani pia hummaliza mtu nyama mwilini.