Mfalme wa Ashuru hakuwa mungu

"Mfalme wa Ashuru aliabudiwa kama mungu." Sentensi hii naikuta katika insha za wanafunzi kila mwaka, na imenichosha. Wengi wameanza na Farao, kisha wakamvika kila mfalme wa kale kanzu ileile.

Wafalme waliojitangaza miungu walikuwepo Mesopotamia, ila ni wa kusini na wa kale zaidi: Naram-Sin wa Akkad, Shulgi wa Ur. Majina yao yalitanguliwa na nyota, alama ya uungu katika mwandiko wa kikabari, ule wa kuchapwa kwenye udongo. Ukiiona nyota kwenye jina la Senakeribu, mfalme wa Ashuru, usikimbilie kuandika kwamba naye ni mungu: hiyo ni ya Sin, mungu wa mwezi, aliyemo ndani ya jina hilo.

Siku ya kutawazwa kuhani alitangaza mbele ya mfalme mpya, "Ashur ni mfalme!" Mwenye enzi ni mungu Ashur, binadamu ni kaimu na kuhani wake. Kibao kimoja cha udongo cha Babeli chasimulia kwamba baada ya watu kuumbwa wafanye kazi, mfalme naye aliumbwa, peke yake. Mungu Anu akampa taji, mungu Enlil kiti cha enzi. Vipawa hivyo viwili vimo pia katika utenzi wa kutawazwa kwa Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru. Basi ni kiumbe, tena mwenye kazi aliyopewa: kupanua nchi ya bwana wake.

Tena mtazameni Senakeribu. Mwaka 689 KK aliibomoa Babeli, kisha katika mji wa Ashur akajenga nyumba ya Akitu, sikukuu ya mwaka mpya. Kwenye lango lake la shaba alichorwa Ashur garini, upinde mkononi, akienda kupigana na Tiamat, bahari ya mwanzo. Vita hivyo vya uumbaji, visimuliwavyo katika utenzi wa Enuma Elish, vilikuwa vya Marduk, mungu wa Babeli. Makarani wa Ashuru walimpa mungu wao vita hivyo kwa kumwandika Anshar, baba wa babu yake Marduk. Mfalme aliyethubutu kubadili hadithi ya uumbaji hakujiandika yeye mahali pa mungu. Someni maandishi yake kabla ya kutazama picha!

Enuma Elish si utenzi wa Kiashuru, hata kama vibao vyake vimepatikana Ninawi. Wala si simulizi pekee ya uumbaji: Atrahasis, yenye binadamu wa udongo na damu ya mungu aliyechinjwa, ni ya zamani zaidi.

Na wale fahali wenye mabawa na kichwa cha mtu si sanamu za mfalme. Ni walinzi wa mlango wake.