Je, wajua? Kura nyingi zilizopotea Florida mwaka 2000 zilitobolewa mara mbili

Mtu akiulizwa kilichotokea Florida katika uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 2000, jibu huja haraka: vile vipande vya karatasi vilivyoning'inia kwenye kadi za kupigia kura. Picha za maofisa wa uchaguzi wakiinua kadi kwenye mwanga na kuikodolea macho zilizunguka dunia, na tangu hapo wengi wanaamini kwamba Al Gore alishindwa na George W. Bush kwa sababu matundu hayakutoboka sawasawa. Jibu hilo linaeleza sehemu ndogo tu ya jambo. Rundo kubwa zaidi la kura zilizokataliwa Florida lilikuwa na alama zinazosomeka vizuri kabisa, ila mbili au zaidi pale ilipotakiwa moja.

Kwanza hesabu yenyewe, kwa ufupi. Rais wa Marekani huchaguliwa na wajumbe wa majimbo, na anayetaka kushinda lazima apate kura 270 za wajumbe hao. Florida ilikuwa na 25, na usiku wa Novemba 7 hakuna kati ya wagombea hao wawili aliyeweza kufikisha 270 bila jimbo hilo. Watu karibu milioni 6 walikuwa wamepiga kura humo. Hesabu ya kwanza ilimweka Bush mbele kwa kura 1,784, na kwa kuwa tofauti ilikuwa chini ya nusu asilimia, sheria ya jimbo ililazimisha mashine zihesabu upya. Zikafuata wiki tano za kesi juu ya kesi. Matokeo rasmi, yaliyoidhinishwa Novemba 26 na Katibu wa Jimbo Katherine Harris, yalimpa Bush kura 2,912,790 na Gore 2,912,253. Tofauti ni 537. Desemba 12 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji watano dhidi ya wanne, ilifunga mlango wa kuhesabu upya, na kesho yake Gore akakubali kushindwa, ingawa nchi nzima alikuwa amemzidi Bush kwa kura zaidi ya 540,000.

Wapo wanaomlaumu Ralph Nader wa chama cha Green, aliyepata kura 97,488 Florida. Kihesabu wana hoja, lakini kura zile zilipigwa kwa kukusudia na zilihesabiwa. Zinazostahili kuulizwa zaidi ni kura ambazo watu walipanga foleni kuzipiga na hazikuingia kwa mgombea yeyote.

Idadi yake inajulikana vizuri kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2001 kundi la vyombo vya habari, yakiwemo magazeti ya New York Times na Washington Post na shirika la Associated Press, lilikiajiri kituo cha utafiti cha NORC cha Chuo Kikuu cha Chicago kupitia karatasi zote zilizokataliwa katika kaunti 67 za jimbo hilo. Zilikaguliwa karatasi 175,010. Katika hizo, 61,190 ni zile ambazo mashine haikuona chaguo lolote la rais. Zilizobaki, 113,820, ni zile ambazo mashine iliona machaguo mawili au zaidi. Kwa maneno mengine, kwa kila kura iliyoonekana tupu kulikuwa na karibu mbili zilizokuwa na alama kupita kiasi.

Kipande kinachoning'inia ni tatizo la kundi lile dogo. Na hata ndani ya kundi hilo si kila karatasi ilikuwa na kipande: wapo walioacha nafasi ya rais kwa makusudi, na katika kaunti zilizotumia karatasi za kutia alama kwa kalamu, wapo waliozungushia jina duara badala ya kujaza nafasi iliyowekwa. Hiki ndicho ambacho masimulizi ya kawaida hukiruka. Ugomvi mwingi wa televisheni na mahakama ulikuwa juu ya rundo dogo, na rundo kubwa likabaki kwenye maboksi.

Basi mtu mzima, mwenye akili timamu, anatobolewaje kadi yake mara mbili na mkono wake mwenyewe? Ili kuelewa, lazima uijue mashine.

Kaunti nyingi kubwa za Florida zilitumia mfumo wa Votomatic. Mpiga kura alipewa kadi ngumu yenye safu za vipande vidogo vya mstatili vilivyokatwa nusunusu kiwandani. Kadi haikuwa na jina la mgombea hata mmoja, ni namba tu. Aliichomeka kwenye kifaa mfano wa trei hadi ikashikwa juu na pini mbili, na juu ya kadi hiyo kulikuwa na kijitabu kilichofungwa kwenye kifaa, chenye majina na mishale inayoelekeza kwenye matundu ya katikati. Alichukua kijiti chenye ncha ya chuma na kukisukuma kwenye tundu. Kipande kikapita kati ya mikanda laini iliyo chini na kudondoka kwenye trei.

Mambo matatu yaliharibu kazi hiyo. Kadi isipokaa vizuri kwenye pini, matundu hayakulingana na mishale. Mikanda ikikakamaa, au trei ikijaa vipande vya chaguzi zilizopita, kipande kilibonyea bila kutoka. Hapo ndipo yalipozuka yale majina: kinachoning'inia kwa pembe moja, kinachobembea kwa pembe mbili, kilichoshikwa kwa pembe tatu, na kilichotuna tu huku pembe zote nne zikiwa zimeshika. Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote, ingawa halihusu mashine kuchakaa: mpiga kura akiitoa kadi yake hawezi kuihakiki. Anaona matundu na namba. Kujua kama ametoboa kwa Gore au kwa mwingine, angepaswa kukumbuka namba au kuirudisha kadi chini ya kijitabu.

Sasa mweke mpiga kura huyo Palm Beach. Mwaka ule Florida ilikuwa na wagombea urais kumi kwenye karatasi, kwa sababu masharti ya vyama vidogo yalikuwa yamelegezwa na marekebisho ya katiba ya jimbo ya mwaka 1998. Msimamizi wa uchaguzi wa kaunti, Theresa LePore, alitaka maandishi makubwa kwa ajili ya wazee, ambao ni wengi huko. Majina makubwa hayakutosha ukurasa mmoja, kwa hiyo yakapangwa kurasa mbili zinazotazamana, matundu yakiwa safu moja katikati. Muundo huo uliitwa kipepeo. Kushoto, Bush alikuwa wa kwanza na Gore wa pili. Lakini tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan wa chama cha Reform, aliyekuwa ukurasa wa kulia. Tundu la Gore lilikuwa la tatu.

Aliyesoma kushoto tu, akahesabu "wa kwanza, wa pili" na kutoboa tundu la pili, alimpigia Buchanan. Buchanan alipata kura zaidi ya 3,400 Palm Beach, kati ya 17,484 alizopata jimbo zima, na mwenyewe alisema hadharani kwamba nyingi ya hizo hazikuwa zake. Wanasayansi wa siasa walipata njia nzuri ya kulipima hilo: waliopiga kura kwa posta katika kaunti hiyohiyo hawakutumia kipepeo, na miongoni mwao sehemu iliyomwendea Buchanan ilikuwa takriban robo tu ya ile ya vituoni. Makadirio yao ni kwamba zaidi ya kura 2,000 zilizokusudiwa Gore zilikwenda kwa Buchanan. Ni makadirio, kwa sababu kura ni ya siri, lakini ushahidi wa namna hiyo, watu wa kaunti moja, uchaguzi mmoja, karatasi mbili tofauti, haupatikani mara nyingi.

Wengine walishtuka baada ya kutoboa, wakadhani wanaweza kurekebisha, wakatoboa tena. Kadi zaidi ya 5,000 zilikuwa na tundu la Gore na la Buchanan kwa pamoja. Karibu 2,900 nyingine zilikuwa na tundu la Gore na lile linalolifuata chini yake, la David McReynolds wa chama cha Kisoshalisti. Zenye Bush na Buchanan zilikuwa kama 1,600. Jumla ya kadi zilizotobolewa zaidi ya mara moja Palm Beach zilipita 19,000.

Duval, kaunti ya Jacksonville, ilikuwa na kosa tofauti lenye matokeo yaleyale. Huko wagombea wa urais walipangwa ukurasa mmoja wakaendelea ukurasa uliofuata, huku karatasi ya mfano iliyotangazwa kabla ya uchaguzi ikiwaelekeza watu wapige kura kila ukurasa. Waliotii walitoboa mara mbili. Kadi kama 22,000 zikafa hivyo, na vituo vya Wamarekani weusi ndivyo vilivyoathirika zaidi.

Mtu anaweza kusema basi tatizo ni kadi za kutoboa. Hapana, na kaunti ya Gadsden inalionyesha hilo vizuri. Gadsden ilitumia karatasi za kutia alama zinazosomwa kwa mwanga, teknolojia iliyosifiwa kuwa bora. Majina yaligawanywa safu mbili, wanane upande mmoja na wawili juu ya safu ya pili, kana kwamba ni kinyang'anyiro kingine. Takriban asilimia 12 ya karatasi zilikataliwa, kiwango kibaya kuliko kaunti yoyote ya jimbo hilo. Jirani yake, kaunti ya Leon, nayo ilitumia karatasi za aina hiyo, na kiwango chake kilikuwa chini ya asilimia 1.

Mpangilio wa majina ulichangia tofauti hiyo, lakini kilichochangia zaidi ni mahali ilipokaa mashine ya kusoma. Leon ilikuwa nayo kituoni. Mpiga kura aliiingiza karatasi mwenyewe, na kama alikuwa ametia alama mbili, mashine iliirudisha palepale. Anapewa karatasi mpya, anaanza upya. Gadsden karatasi zilitiwa sandukuni na kupelekwa kusomwa makao makuu ya kaunti, mwenye kura akiwa ameshafika nyumbani. Ni kama kutuma pesa kwa simu. Simu ikikuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri, unaona umekosea tarakimu moja na unaghairi. Isipokuonyesha, kosa lilelile la kidole linakuwa hasara, na hakuna mtu wa kumrudia. Watu wa Gadsden hawakukosea kwa sababu wanajua kidogo kuliko wa Leon. Walinyimwa nafasi ya kuambiwa kwamba wamekosea.

Kwa msomaji wa Kenya au Tanzania, ambako karatasi huhesabiwa kwa mkono kituoni mbele ya mawakala wa vyama, inafaa kukumbuka kwamba Florida karatasi nyingi za namna hii hazikuangaliwa na jicho la mtu usiku ule. Mashine ilizitupa kando kimyakimya.

Uzito wa jambo hili haukugawanyika sawa. Gadsden ndiyo kaunti pekee ya Florida yenye Wamarekani weusi walio wengi. Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani ilikadiria kwamba asilimia 14.4 ya kura za weusi Florida zilikataliwa, dhidi ya 1.6 za wasio weusi. Takwimu hiyo ilitokana na kulinganisha maeneo, maana karatasi haina rangi ya aliyeipiga, kwa hiyo ichukuliwe kama kipimo cha mwelekeo. Mwelekeo wenyewe hauna utata.

Kwa nini, basi, hesabu ya mkono haikugusa rundo kubwa? Gore aliomba kuhesabiwa upya katika kaunti nne tu: Palm Beach, Broward, Miami-Dade na Volusia. Mahakama ya Juu ya Florida ilipoagiza Desemba 8 kazi ifanyike jimbo zima, agizo lilihusu kura zilizoonekana tupu. Dhana ilikuwa kwamba karatasi yenye alama mbili haiokoleki. Kwa nyingi ni kweli: hakuna ajuaye kama aliyetoboa Gore na Buchanan alimtaka nani. Lakini zilikuwapo nyingine ambazo zingesomeka na mtu yeyote. Mpiga kura alijaza nafasi ya Gore, kisha chini, mahali pa kuandika jina la mgombea asiyeorodheshwa, akaandika "Gore". Mashine ikahesabu alama mbili na kuikataa. Kwa sheria ya Florida, iliyotaka nia iliyo wazi ya mpiga kura iheshimiwe, karatasi hiyo ni halali.

Uchunguzi wa NORC ulionyesha tofauti iliyoletwa na karatasi hizo. Kama hesabu ya mkono ingekamilishwa katika kaunti nne alizoomba Gore, Bush angeshinda kwa 225. Kama agizo la Mahakama ya Florida lingekamilishwa kwa kura zilizoonekana tupu pekee, Bush angeshinda kwa 493. Kama karatasi zote zilizokataliwa jimbo zima zingekaguliwa, Gore angeshinda kwa kura kati ya 60 na 171, kutegemea kipimo cha alama kilichotumika. Tofauti ndogo kiasi hicho haitoi hukumu ya mwisho. Karatasi zilikuwa zimeshikwashikwa mara nyingi, na baadhi ya kaunti hazikuweza kutenga upya kila moja ileile. Kinachosimama imara ni kwamba Gore aliomba ukaguzi usioweza kumsaidia, na ule ambao ungeweza hakuuomba rasmi.

Florida ilipiga marufuku kadi za kutoboa mwaka 2001, na ikataka karatasi zisomwe kituoni ili zenye alama mbili zirudishwe. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kusaidia majimbo kununua vifaa vipya. Alama mbili zikapungua mno. Kura tupu hazikuondoka. Mwaka 2006 kaunti ya Sarasota ilitumia skrini za kugusa, na kura zaidi ya 18,000 zikatoka bila chaguo katika kinyang'anyiro cha ubunge kilichoamuliwa kwa 369. Jina la kinyang'anyiro hicho lilikuwa limebanwa juu ya skrini moja na lile la ugavana, na wengi walikipita bila kukiona. Jimbo likarudi kwenye karatasi. Mwaka 2018 Broward iliweka kinyang'anyiro cha useneta chini kabisa kushoto, chini ya maelekezo marefu ya lugha tatu, na kikapata kura pungufu ya ugavana kwa zaidi ya 20,000, wakati Rick Scott alimshinda Bill Nelson kwa 10,033. Mashine za kituoni hazikurudisha karatasi hizo, kwa kuwa kuruka kinyang'anyiro kimoja ni haki ya mpiga kura. Mwaka 2019 sheria ya Florida ikakataza kupanga kinyang'anyiro chochote chini ya safu ya maelekezo.